Kibanda cha Mwisho wa Ua

Sidsel mwanangu,

Mimi mzima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mchungaji ndiye anayeniandikia, kwa hiyo mengine nayameza.

Tangu baba yenu afariki, shamba ni la kaka yako Laurids. Mwezi huu amenijengea kibanda mwisho wa ua, chenye jiko na dirisha.

"Hapa utapumzika, Mama," akaniambia.

"Nimekuambia nimechoka?"

Akacheka, akanyoosha mkono nimpe funguo za ghala. Nikazifungua kiunoni, naye akampa mkewe, Bodil. Kuni ananiletea, maziwa ananiletea. Nimlaumu kwa lipi?

Ila jana asubuhi alikuja, akavua viatu vyake vya mti, akala uji wangu wote.

"Kwani kwako hakuna uji?"

"Upo, Mama. Ila kule siku hizi hakukaliki."

Akainamia bakuli akalia, mwanamume mzima mwenye ndevu! Mchungaji amesita hapa, nimemwambia aandike. Nilimpapasa kichwa tu.

Sasa sielewi, mwanangu: amenifukuza au amenikimbilia? Njoo kabla ya theluji. Kitanda ni kimoja, tutabanana.

Mimi mama yako,
Ingeborg