Mchoro wa Mguu Wako

Duka la Nguo na Viatu,
S.L.P. 418.
14 Agosti

Mpendwa Kaka Sentimita,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za duka zima pamoja na panya wake. U hali gani? Na usinijibu "salama tu" kama unavyonijibu kwenye simu siku hizi. Nauliza kama mtu anayetaka kujua. Unalala? Unakula? Kifua kimepona? Na kile kidole chako cha mwisho cha mguu wa kulia, nilichokiangushia pasi ya mkaa tukiwa watoto, bado kinakuuma kukiwa na baridi?

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo uko imara kama ulivyouacha. Shemeji yako amepandishwa cheo, sasa anachelewa kurudi na tabasamu usoni. Mimi nipo, nimenenepa kidogo, na ukicheka nitajua.

Utashangaa kuona karatasi. Tangu uondoke, miaka sita sasa, nimekuandikia barua mbili tu, na zote nilikuwa nakuomba radhi. Hii si ya kuomba radhi. Simu anaweza kuishika mtu yeyote, nami nilitaka kitu kiende mpaka kwenye mlango wako, ule ulioniambia rangi yake ya kijani imebanduka, kipite chini yake na kukaa sakafuni mpaka mtu ainame akiokote.

Viatu ulivyomtumia Mama mwezi wa sita vimemkaa utadhani alizaliwa navyo. Hata pale penye kivimbe cha dole gumba pamepata nafasi. Anavivaa ndani ya nyumba tu, hataki vumbi livione. Nilifurahi sana siku ile. Baadaye furaha iliniisha, na sababu nitakuambia.

Duka linakwenda. Paa tumeliziba. Fundi cherehani wa mlango wa pili bado anazungumza na sindano mdomoni, na bado ndiye anayetupunguzia na kutuongezea nguo. Zamani tulimpelekea kazi mara moja kwa mwezi. Sasa kila kifurushi kinachotoka kwako kinapitia kwake kwanza kabla sijatundika chochote.

Na hapo ndipo penye mambo, Kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha biashara hii. Ulipopata kazi kwenye bohari ya nguo zinazorudishwa na wateja, ulinipigia simu unacheka mpaka unakohoa, ukasema dunia nzima haijui saizi yake. Ukaniambia nisiamini lebo hata siku moja. Kuna "L" inayombana mtoto wa darasa la sita, kuna "M" inayoweza kufunika friji, na kiatu kilekile nchi moja wanakiita kumi na nyingine arobaini na nne. Kwa hiyo ukaamua kipimo chetu kiwe mwili wako. Kila shati ulilivaa. Kila kiatu uliingiza mguu, ukatembea hatua kumi chumbani, ukaandika kikaratasi na kukisukumia ndani ya kiatu cha kushoto. "Kimenitosha." "Kinanibana, mpe mtu wa chini yangu." Mimi nikisoma, nabandua lebo yao na kubandika namba yetu. Wewe ni arobaini na nne, na duka zima limesimama juu ya mguu huo.

Miaka mitano hatukukosea. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, ambaye mguu wake na wako ni kama mliazimana, alikuwa hata hajaribu. Kikaratasi kikisema kimekutosha, anabeba anaondoka.

Mwezi wa nne akarudi na jozi nyeusi mkononi. "Dada, hivi umenipa vya mke wangu?" Tukacheka, nikambadilishia. Jozi ya pili nayo kisigino kikakataa kuingia. Safari hii tulicheka kidogo. Alipoondoka nikavuta kikaratasi kutoka ndani: "Kimenitosha sawasawa." Nikageuza soli. Arobaini.

Mashati yakawa hivyohivyo. Kikaratasi kinasema "kubwa kwangu," na shati lenyewe kwa mtu wa kifua chako lisingefunga hata kifungo kimoja. Nikakuandikia kwenye simu, umekonda? Jibu likaja palepale: "Ndiyo, nimepungua. Kazi nyingi." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nikamwambia Mama unafanya mazoezi. Alikasirika, akasema hakukuzaa uje uwe fito.

Siku moja Fundi alitoa sindano mdomoni, jambo ambalo si kawaida yake, akatandaza mashati matatu mezani, akavuta futi kamba toka shingoni na kupima mabega moja baada ya jingine. Akaniambia, "Mtu akikonda tumbo linapungua, shingo inapungua. Mifupa haifupiki. Huyu anayejaribu nguo hizi si yule kaka yako."

Nilimchukia. Nilizoa nguo zangu mezani kwake na siku mbili nikawa napita mlangoni pake bila salamu. Lakini maneno yake yaliniingia na hayakutoka.

Nikaanza kurudi nyuma. Mara ya mwisho kusikia sauti yako ilikuwa mwezi wa pili. Ulisema wamekuhamishia rafu za juu, ngazi ya huko inayumba, na umelalamika lakini hakuna anayejali. Nikakuambia uache kudeka kama bwana harusi, upande kazi iende. Kaka, hilo ndilo neno langu la mwisho ulilolisikia kwa sikio. Naliwaza nikifungua duka na nikilifunga.

Baada ya pale wiki tatu kimya. Kisha ukaja ujumbe kwamba simu yako imeharibika upande wa kuzungumzia, tuwe tunaandikiana tu. Na kweli tunaandikiana. Ujumbe wako siku hizi una nukta na mkato, hauna matusi, unauliza hali ya goti la Mama. Hujaniita Pini hata mara moja. Unaniita "dada mpendwa". Wewe hujaniita dada mpendwa tangu nizaliwe.

Basi nikatega. Nilikuandikia kwamba Mama anataka kukushonea makubadhi, kwa hiyo vua soksi, uchore mguu wako wa kulia kwenye karatasi, utie kwenye kifurushi kinachofuata. Kawaida jibu hunifikia kabla sijaweka simu chini. Hilo lilichukua siku nne. Likasema "Sawa."

Kifurushi kilifika Alhamisi iliyopita. Mchoro ulikuwa juu kabisa, umekunjwa mara mbili, umechorwa kwa penseli kwa uangalifu, hata hakuna mahali mkono ulipoteleza.

Unaukumbuka mchoro wako wa kwanza, uliouchora sakafuni siku mbili kabla ya safari, ukiniamuru nisiupoteze? Bado umebandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Niliingia humo, nikaubandua, nikauweka mpya juu ya wa zamani, kisigino kwa kisigino. Kule mbele lilibaki pengo. Dole gumba langu la mkono liliingia lote kwenye pengo hilo, kwa upana. Na vidole vya mchoro mpya vimenyooka vyote vitano. Cha mwisho hakikupinda.

Niliuzungusha ule mchoro kila upande. Nikajiambia labda penseli iliegemea ndani. Nikajiambia labda ni mguu wa kushoto. Lakini hakuna ugonjwa unaonyoosha kidole kilichovunjwa na pasi, na mtu mzima harudi nyuma saizi nne. Nilikaa juu ya gunia la kandambili. Naogopa, Kaka. Nakuandikia wazi kwamba naogopa.

Sasa nirudi kwenye viatu vya Mama. Vile havikukosewa kwa sababu havikupimwa kwa mwili wa mtu. Vilipimwa kwa uzi, ule wenye mafundo mawili uliompimia mguu kabla ya safari, unaokaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chako pamoja na nyuzi zetu sote. Aliyevinunua amefungua kopo lako. Anakaa chumbani kwako, anashika simu yako, anajua kwenda bohari na kupata nguo, na anajua uzi upi ni wa Mama. Amefuata kila kitu ulichokuwa ukifanya: anavaa, anatembea hatua kumi, anaandika kikaratasi. Kitu kimoja tu hukumwambia, kwamba kipimo kilikuwa wewe.

Uliwahi kunisimulia juu ya mwenzako wa chumba, mtu wa lugha yetu, mpole, asiyeongea mpaka ukampa jina la Kimya. Ulinitania kwamba mguu wake ni mdogo kiasi kwamba mimi na yeye tungeweza kuazimana kandambili. Nilicheka siku hiyo. Wiki hii nimekumbuka kila neno.

Mama hajui. Nikimsomea ujumbe ananiuliza kwa nini mwanawe siku hizi ana adabu namna hii, kisha anatabasamu na kuangalia viatu vyake. Jana aliniambia atasubiri urudi ndipo atoke navyo nje, mtembee wote mpaka barabara kubwa na kurudi. Nilimjibu ndiyo. Nimekuwa hodari wa kumjibu ndiyo.

Mama anakusalimia sana. Shemeji yako anakusalimia. Fundi anakusalimia, tumeshapatana, ingawa natamani angekuwa amekosea. Mwalimu mkuu anasema atavumilia viatu vyake vya zamani mpaka utakapompimia vingine. Mungu akutunze popote ulipolala leo, na kama ni mahali ambapo barua haisomeki, basi Yeye akusomee, na akuambie kwamba lile neno la ngazi nililisema kwa utani.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Pini

Maneno ya hapa chini si yako, Kaka. Ni ya mwenye mguu wa arobaini.

Kimya, kama ni wewe uliyeinama kuokota barua hii: ungeweza kuisogeza penseli mbele kidogo tu, nami nisingejua. Siku nne ulikaa na karatasi ile. Mwishowe ukachora mguu wako ulivyo. Nadhani ulikuwa umechoka. Sijui nikushukuru kwa viatu vya Mama au nikuogope, na kwa sasa nafanya yote mawili.

Kama kaka yangu yuko hospitali, au amefungwa, au amelala mahali na hawezi kunyanyuka, weka karatasi chini ya mguu wake wa kulia, uzungushe penseli, unitumie. Hata kama umevimba nitautambua.

Na kama hayupo, usihangaike kutafuta maneno, wala usinitumie ujumbe. Chukua viatu vyake vya kazi, vile vilivyolika kisigino upande wa nje, uviweke kwenye boksi peke yake. Ndani ya kiatu cha kushoto usitie kikaratasi. Nitaingiza mkono mpaka kwenye vidole, nikikuta hakuna kitu, nitaelewa, kisha nitakwenda kumwambia Mama.