Mawe Niliyoyaosha

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kalamu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu aliyevunjika mkono, ameshafunguliwa plasta? Mimi ni mzima wa kuweza kushika kalamu. Magoti yananisumbua, miwani imeshindwa na macho yangu, na cherehani inaruka mishono siku ambayo wateja wamejaa. Tukiyaacha hayo, hatujambo.

Kaka ametoka hospitali. Alipasuliwa ngiri mwezi uliopita, akalazwa siku nane. Najua hukuuliza. Miaka tisa sasa barua zako zinauliza habari za kila mtu, hata za paka wa jirani, isipokuwa yeye. Leo utanivumilia, maana nimefanya jambo na sina mwingine wa kumwambia.

Tangu astaafu chuoni anakaa kwangu na mawe yake yote, na hakuwahi kuruhusu ufagio uvuke mlango wa chumba kile. Alipolazwa nikaona nafasi ndiyo hii. Nikafua mapazia, nikafuta rafu, kisha nikayaloweka mawe kwenye beseni na kuyasugua moja moja kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria. Arobaini na matatu! Yalikuwa na namba na mishale ya rangi nyeupe. Nikadhani ni alama za kusafirishia mizigo tu, na mizigo ilishafika. Mgongo uliniuma siku mbili, lakini niliyatazama yaking'aa nikajipongeza.

Aliporudi alisimama mlangoni, mkono tumboni palipo na mshono. Akachukua jiwe moja, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Umeyaosha yote, dada?"

Nikamjibu yote, tena nikitabasamu. Akaketi kitandani taratibu.

"Basi. Sasa halijui tena lilikuwa limeelekea wapi."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Anakula, anashukuru, anarudi chumbani na kufunga mlango, nami nabaki hapa nikifumua pindo nililolishona vibaya mara ya tatu.

Wewe ulizunguka naye porini, unayajua mambo haya kuliko mimi. Mimi nilichoelewa ni kwamba maisha yake yote amebishana juu ya kitu kimoja: ni nguvu gani iliyoyasogeza mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya gamba lake, miaka bilioni mbili iliyopita, yakagongana na kukunjana. Wenzake wanasema dunia ya wakati ule ilikuwa na joto mno na mabamba yalikuwa laini, kwa hiyo yalikokotwa tu na miamba ya moto iliyotembea chini yake. Wengine wanasema yalisukumwa kutoka nyuma, kule miamba mipya inakozaliwa. Yeye anasema hapana, hata zama zile ukingo wa bamba ulipopoa ulikuwa mzito, ukazama, ukalivuta bamba zima nyuma yake.

Nilimwelewa siku satini ya bibi harusi ilipoteleza mezani kwangu. Hakuna aliyeisukuma. Ncha ilianza kuning'inia, uzito wake ukazivuta mita zote sita mpaka sakafuni. Kaka alicheka mpaka akatoa leso, akasema nimewapita wanafunzi wake. Mikunjo iliyobaki ndani ya mawe yake ndiyo inayoonyesha yalivutwa kuelekea upande gani. Lakini ni lazima ujue kila jiwe lililala vipi kabla ya kung'olewa, na hiyo, nimekuja kujua sasa, ndiyo kazi ya ile mishale.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi ni fundi. Kila nikikata mahameli nachora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande, ili manyoya yote yalale upande mmoja. Mwanafunzi wangu aliwahi kuifuta chaki, koti likatoka na rangi mbili, nikamsema mpaka akalia. Halafu mimi mwenyewe nikaenda kusugua mishale arobaini na mitatu!

Mwisho wa mwezi ujao mwalimu mmoja wa chuo, aliyesomeshwa na Kaka, atakuja na gari kuyachukua mawe yakahifadhiwe huko pamoja na matokeo ya kazi yake. Bila mishale watayakataa, na watakuwa na haki. Yatabaki mawe ya kujengea. Kaka ana miaka sabini na moja na mshono tumboni. Hawezi kurudi porini.

Nimekumbuka kitabu chako cha michoro. Ulilichora kila jiwe likiwa bado ardhini, na umbo lake, nyufa zake na mshale wake. Ulikichukua siku uliyoondoka, kwa sababu Kaka alichapisha michoro yako sita bila jina lako. Alikukosea. Niliona hivyo siku ile ile nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kelele za nyumba hii, na kunyamaza kwangu nako kulikuwa kosa. Sikuombi umsamehe. Hilo ni lenu wawili. Naomba unisaidie mimi niliyeshika waya. Kilete, au kitume, au nipigie picha kurasa zake tu, nami nitakaa na kila jiwe mpaka nilipate.

Shangazi mdogo anakusalimu, bado anakuita mwembamba. Fundi saa wa jirani naye anakusalimu. Mpe wifi mkono wangu, na wapwa wangu wote wabusu kwa ajili yangu.

Kaka hajatuma salamu kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Lakini nikueleze nilichokiona. Lilikuwapo jiwe la arobaini na nne, lile linalozuia mlango wa chumba chake usijifunge. Sikuliosha kwa kuwa lilikuwa kazini. Juzi aliinama kwa shida akaliokota, akaukuta mshale upo. Aliutazama sana. Akasema, bila kunigeukia, "Huu ni mkono wa mdogo wetu. Hakuwahi kukosea hata mmoja." Kisha akaliweka dirishani, akatoa dira yake ya zamani, akalizungusha jiwe kidogo kidogo mpaka mshale ukaelekea kaskazini kama ulivyouchora.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na usingizi mzuri.

Dirisha lile nalifuta vumbi kila asubuhi. Pale penye jiwe napazunguka.

Ni mimi dada yako, niliyechoka na mengi lakini si kukupenda,

Fundi