Mwezi Utapatwa Bila Wewe

Mama yangu kipenzi,

Kesho mwezi utapatwa. Jadweli yetu hapa chuoni Guangzhou imesema, na jadweli haikosei.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yangu? Tulikuwa ukumbini kwako Chake Chake, unapeta mchele. Nikasema tunapiga hesabu ya mwezi, jua na sayari, tunaandika kwenye jadweli kila kimoja kitakuwa wapi saa fulani, hata miaka mia ijayo. Bi Time wa jirani akaguna, "Makubwa! Mwanao kenda Uchina kusomea ramli!" Ukamjia juu: "Ramli nini? Hiyo hesabu!" Halafu ukanigeukia na kicheko chako kile: "Basi nipigie na yangu."

"Wewe huna jadweli, mama."

"Afadhali," ukasema, ukaendelea na ungo wako.

Kesho hii tuliahidiana. Mwezi utaonekana kwenu na huku pia. Ungepiga sufuria uani kama ulivyozoea, mpaka mwezi uachiwe, nami ningesikiliza kwenye simu. Nilikutania kwamba mwezi utaachiwa dakika ile ile, upige usipige. "Wewe ngoja siku nisipopiga," ukanijibu.

Ulifariki alfajiri, ukazikwa baada ya adhuhuri. Kwetu maiti hacheleweshwi, najua. Mimi nilikuwa uwanja wa ndege wa Baiyun, nimekaa sakafuni na begi langu, natafuta tiketi, kaka akapiga: "Usihangaike tena. Tumeshamzika." Nikarudi kwa metro, nalia mbele za watu, wala sikuona haya.

Tangu hapo kazi imenishinda, mama. Profesa ananipa kurasa nizikague, nazikagua, zote sawasawa. Zinaniudhi, wallahi. Najua sayari ya Zuhura itakuwa wapi nikiwa mzee, lakini Ijumaa ile kwenye simu uliponiambia "haya, kesho Mungu akipenda," sikujua kwamba ndiyo basi. Elimu gani hii? Imenipeleka mbali nawe, kisha haikunipa hata nafasi ya kukutilia udongo. Wenzangu wa bwenini wananiita tukautazame mwezi pamoja. Siendi. Sitaki kuuona ukiachiwa.

Leo alasiri dada amenipigia. Anataka kujua utapatwa saa ngapi, awatoe watoto nje wakauone.

Nimemwambia sijui.

Pumzika, mama. Mimi huku nimechoka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Kitindamimba wako