Kiganja Juu ya Kinanda

3 Juni

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi nina hofu na sina wa kumwambia zaidi yako. Ningekupigia simu, lakini kila siku wewe ni "andika, mwanangu, andika".

Nipo kwenye warsha ya walimu wa muziki, wiki tatu, katika ukumbi wa chuo wenye viti vya chuma. Mwezeshaji ni mama mmoja mpole, na upole wake ndio unaonitisha. Tarehe 21 atatupa imla: tutampa mgongo, apige noti kwenye kinanda, sisi tuandike do, re, mi. Asiyepata cheti hafundishi muziki mwakani.

Baba, tangu ile homa ya mwaka juzi masikio yamekuwa yakiniaga kidogo kidogo. Darasani nasoma midomo ya watoto na kuwapigia makofi. Hata mume wangu hajui. Nifanyeje?

Binti yako

8 Juni

Mwanangu, marahaba.

Goti ni lilelile, linanitangazia mvua. Barua yako nimeisoma mara nne.

Usimwambie mtu. Siku hiyo wahi kiti cha mbele, kilichoegemea kinanda, upeleke kiganja nyuma kwenye ubao wake. Mtetemo wa do ya chini utaupata kwenye kifundo cha mkono. So imeshapanda vidoleni. Jizoeze macho umefumba. Na ule vizuri, mtu mwenye njaa hutetemeka.

Baba yako

14 Juni

Baba, shikamoo. Umeamkaje?

Kila mchana wenzangu wakienda kula, mmoja hubaki kunipigia noti, nimemdanganya kuwa nina uoga wa mitihani. Uoga si uongo. Nimefika saba kati ya kumi. Kweli do inakaa kwenye kifundo.

Lakini jana, kiganja kikiwa pale, nilikukumbuka ukitufundisha: umeegemea kinanda, mkono juu, macho umefumba, nasi tukisema mwalimu amesinzia. Na simu huipendi. Na nikikuita kwa nyuma huitiki mpaka nikushike bega.

Baba, habari ya kifundo alikufundisha nani? Nijibu kabla ya tarehe 21. Naliogopa jibu lako, na nitaogopa zaidi usipojibu.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu, marahaba.

Barua hii haitakuwahi, na kosa ni langu. Karatasi imekaa mezani siku nne nami naizunguka.

Hakuna aliyenifundisha. Miaka tisa ya mwisho kazini nilikuwa sisikii. Marehemu mama yako alijua, akanisitiri. Majirani wananiita Bwana Maringo kwa kuwa siitikii salamu, na nimewaacha, maringo yana heshima yake.

Siku moja mtoto aliimba ovyo nikamsifu sana. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao nikidhani wamefurahi. Hakuimba tena. Sasa ni mtu mzima. Tukikutana dukani anatazama chini, nami natazama chini.

Nilikuambia ujifiche kwa sababu ndicho ninachokijua. Nisamehe. Sauti yako niliisikia mara ya mwisho ukiwa darasa la sita.

Baba yako

25 Juni

Baba, shikamoo.

Barua yako imenikuta nimeshafanya.

Noti za kinanda nilipata tisa. Kisha mwezeshaji akakifunga, akaweka redio ndogo kwenye meza ya mbali: sehemu ya pili, tuandike wimbo anaouimba mtoto. Nikabaki na kiganja juu ya ubao uliokufa. Wenzangu wakaanza kuandika. Daftari la jirani lilikuwa wazi, ningeweza kuchungulia. Nikawakumbuka watoto wangu na yale makofi. Nikasimama, nikasema, "Mwalimu, mimi sisikii."

Ukumbi ulinyamaza, nadhani. Sikuwa na namna ya kujua.

Alikuja akakaa mbele yangu nimwone midomo, nami nikamweleza habari ya kiganja. Alisema ataandika yote mawili kwenye ripoti yake, kiganja na redio, ila uamuzi si wake. Jibu halijaja. Kila nikimwona tarishi namkimbilia. Mume wangu nimemwambia. Alinishika mkono tu.

Nakuja Jumamosi. Nitakushika bega, usishtuke. Halafu utaweka kiganja hapa kooni pangu, nikuimbie. Nikikosea, baba, usinisifu.

Binti yako