Ndizi za Kumpokea Priscila

Ngara, 20 Novemba 2022

Mwanangu Priscila,
Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu halitaki tena kupanda mlima wa kwenda mjini. Huko je, baridi imeanza? Anneth, mke wa kaka yako, ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu kama kawaida.

Nataka kitu kimoja: siku utakayofika. Ndizi zinakaa shimoni siku tano ziive, nikishakamua, juisi inahitaji siku tatu hadi iwe rubisi, pombe ya kumpa mtu. Mwaka jana ulisema unakuja, nikafukia mikungu kumi na miwili, hukutokea. Matiasi jirani na wenzake wakanywa wakaimba kama wameoza binti. Kwa hiyo nitajie siku ya kweli.

Baba yako


Toronto, 2 Desemba 2022

Shikamoo Baba,
Pole na goti. Mimi mzima, ingawa kwa baridi hii hadi kope zinaganda. Naamka saa kumi alfajiri, napanda mabasi mawili hadi nyumba ya kutunzia wazee. Kuna mzee mmoja namwogesha, namgeuza kitandani, namlisha uji. Wanawe wako mtaa wa pili, hawaji. Nikimkata kucha nakuwaza wewe, naona aibu.

Nafika tarehe ishirini. Fukia, Baba. Safari hii kweli.

Mwanao, Priscila


Toronto, 17 Desemba 2022

Shikamoo Baba,
Sijui nianzie wapi. Kibali changu cha kuishi huku kimekwisha, kipya hakijatoka. Nikiondoka hawataniruhusu kurudi. Nilidhani kingewahi. Najua umeshakamua. Nisamehe.

Mwanao


Ngara, 8 Januari 2023

Mwanangu,
Mwaka mpya tumeuona, tunashukuru. Goti ni lilelile.

Rubisi ilitoka nzuri. Nikasema watu wanywe, maana haijui kungoja. Mimi sikuionja. Matiasi akauliza, huyo Priscila yupo kweli au mzee anamtunga ili tupate pombe? Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia ndani. Kwa kibali sikulaumu. Ila sifukii tena mpaka nikuone kwa macho yangu umesimama uani.

Baba yako


Toronto, 3 Mei 2024

Shikamoo Baba,
Kwenye picha niliyotumiwa umekonda. Anneth anasema ni goti tu. Hali yako ikoje?

Kibali kimetoka. Yule mzee wangu alifariki mwezi wa pili. Aliyemshika mkono ni mimi, wanawe walifika kesho yake. Sitaki yanikute hayo. Nakuja, Baba, ila siku sikutajii. Utaniona uani kwanza, halafu ndipo ufukie, tuzisubiri pamoja.

Mwanao, Priscila


Ngara, 19 Mei 2024

Mwanangu,
Mimi mzima. Siku, Priscila. Nitajie tu siku.

Baba yako


Ngara, 12 Juni 2024

Shikamoo Baba,
Nakuandikia kwa sababu sijui namna nyingine ya kusema nawe. Jana nimefika kwa bodaboda na mabegi yangu mawili. Nikaona watu wamejaa uani, nikadhani mmepata habari zangu. Matiasi akaja kunipokea mizigo bila utani wowote, ndipo nikajua. Walikuzika Jumamosi, nami nilikuwa njiani, simu imezimwa.

Anneth anasema ulimkataza kuniambia kwamba unaumwa. Ulitaka nije kwa hamu, nisije kwa hofu. Barua yako ya mwisho niliisoma ndani ya basi, nikatabasamu, nikaiacha bila jibu. Ningekutajia siku, labda nawe ungeniambia niwahi. Nimelia hadi sauti imekauka.

Kisha amenionyesha shimo nyuma ya nyumba. Jumatatu ya wiki iliyopita hukuweza kusimama, ukakaa kwenye kiti ukiwaelekeza kina Matiasi wafukie. Wakakukumbusha kwamba ulisema hufukii tena. Ukawajibu, "Kila alipotaja siku hakuja. Safari hii hakutaja. Basi anakuja."

Jumamosi, walipotoka kaburini, Matiasi akazifukua, akakamua kama ulivyomwagiza. Jana imekuwa tayari. Hakuna aliyekuwa ameionja, walikuwa wananingoja mimi. Siku uliipatia, Baba.

Wamenipa kibuyu cha kwanza. Hakuna aliyeimba. Nimekunywa yote.

Mwanao, Priscila