Ndama Kumi na Wanne na Chupa ya Dawa ya Njano

Bi Mwanasha wa redioni,

Salamu nyingi, na unisamehe mwandiko, karatasi nimeiweka juu ya ndoo. Mimi naitwa Kanze, nakaa Minjila, tunalima kidogo na tunafuga ndama wa nyama kumi na wanne, na naomba unisaidie mawazo kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ikishapita hayatanifaa tena.

Wiki tatu zilizopita daktari wa mifugo, msichana anaitwa Khairat, alikuja kuchanja ng'ombe homa ya mapafu, na kwa kuwa yeye ni wa Kipini na wazee wetu wengine Kiswahili cha kule wanakisikia nusu, aliniomba nisimame juu ya gogo nimtafsirie kwa Kigiriama, nami nikasimama, nikasema chanjo hii ina uhai ndani yake, inapigwa mkiani, mkia unaweza kuvimba, ukivimba mpigieni daktari simu, msiguse dawa yenu yoyote ya sindano kwa mwezi mzima kwa sababu mtaiua chanjo. Nilisema mara tatu, Bi Mwanasha, hata mzee Iha akaniambia mama, inatosha, tumesikia.

Siku ya tisa ndama wangu watatu wakavimba mikia, wa mmoja ukawa kama muhogo, hali, halali, anajizungusha tu, nikampigia Khairat simu haishiki, unajua mtandao wa huku, nikangoja mpaka saa nane mchana, moyo ukanishinda, nikaingia ndani nikachukua ile chupa ya dawa ya njano ambayo kila nyumba ya mfugaji inayo, ile tunayompiga ng'ombe akikohoa, akiharisha, akichechemea, hata akinuna, nikawapiga wale watatu, halafu nikaona bora niwapige wote kumi na wanne wasije wakavimba nao. Nilipomchomoa sindano wa mwisho ndipo maneno yangu mwenyewe ya juu ya gogo yakanirudia. Nilikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe nikalia.

Sasa shida ni Hirbo. Huyu ni Muorma, mwenzetu wa malisho mwaka wa sita huu, kila kiangazi anawachukua ndama wetu anawachunga pamoja na wake kwenye nyasi za delta, na sisi tukivuna mahindi mabua yote ni ya ng'ombe wake. Mwaka mmoja homa ya mapafu iliingia bomani mwake, ng'ombe wakawa wananyoosha shingo wakitafuta pumzi, akabaki na wanne tu, na tangu hapo hachanganyi mifugo yake na mnyama asiyechanjwa. Na safari hii ana vindama ishirini hivi vya miezi miwili, vilikataliwa chanjo kwa udogo. Jamaa zake walimuuliza kwa nini ahangaike na ndama za watu wa jembe, akawajibu, "Kanze akisema zimechanjwa, zimechanjwa." Alhamisi anakuja kuwachukua.

Mume wangu Dzombo anasema ninyamaze, masikio yametobolewa alama ya chanjo, nani atapasua ndama aangalie ndani? Tena nyasi hapa zimekwisha, wakibaki watakonda. Kweli matundu yapo, lakini kila nikiyaona nayageuzia uso. Nikimwambia Hirbo atanidharau, na kijiji kizima kitanicheka, mwalimu wa chanjo ndiye aliyeiua. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Nifanye nini? Usinitaje jina tafadhali, maana Hirbo naye hukusikiliza, redio yake ndogo huining'iniza shingoni akichunga, na Jumatano hakosi. Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi.

Kanze, Minjila

*

Mama Kanze,

Pole. Naitanguliza pole kwa sababu baada ya hapa sina nyingine.

Ndama mwenye mkia kama muhogo anatia huruma, na simu isiyoshika inatia wazimu. Kwa wale watatu ningekuelewa. Lakini wale kumi na mmoja waliokuwa wakila majani yao kwa raha zao walikukosea nini? Lo! Nyinyi na hiyo chupa ya njano! Ng'ombe akinuna apigwe sindano, basi na Dzombo akinuna utampiga?

Nimemuuliza daktari mmoja wa mifugo bila kumtaja mtu. Anasema dawa ile huenda imeiua chanjo kabla haijawapa ndama kinga, na kwa macho hakuna awezaye kujua. Kwa hiyo wahesabu kuwa hawajachanjwa. Watachanjwa upya, lakini dawa ile iishe mwilini kwanza, na siku ataipanga Khairat, si wewe wala mumeo.

Unasema labda hakuna litakalotokea. Labda. Hiyo labda ni yako, icheze na ndama wako mwenyewe, si na vindama ishirini vya mtu aliyekwisha kufilisiwa na homa hiyohiyo mara moja. Na mwambie Dzombo homa ya mapafu haitazami masikio.

Kijiji kitacheka? Kitacheka, sana tu. Kitacheka wiki mbili, halafu mbuzi wa mtu ataingia kanisani wapate jingine la kucheka. Hirbo atakasirika, na ana haki, muache akasirike mpaka amalize. Kusema kweli hicho ndicho ninachokuonea huruma, maana neno lako alilibeba mbele ya watu wake, na litamuuma. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kitakachokufa si chako.

Basi sikiliza. Mpigie Hirbo leo. Usimtumie ujumbe, usimtume Dzombo. Anza na neno la kwanza kabisa: ndama hawaendi Alhamisi. Sababu ije baadaye, bila kumtia Khairat ndani wala mtandao. Kisha mtafute Khairat, na simu isiposhika panda pikipiki mpaka ofisini kwake Garsen umuone uso kwa uso. Ndama wafungie kwako peke yao, wasinywe maji na mifugo ya watu, ukate nyasi za kando ya mto uwabebee kichwani. Ndiyo, mgongo utauma. Halafu rudi juu ya lile gogo uwaambie wenzako ulichofanya, kwa Kigiriama kilekile. Mzee Iha aliyesema inatosha, muulize chupa yake imebaki kiasi gani.

Na jambo la mwisho. Haya nakuandikia kwenye simu yako leo Jumatatu. Barua yako nitaisoma redioni Jumatano saa nne asubuhi, kwa sababu Wenje na Idsowe nako kuna chupa za njano. Jina lako nitaliondoa, la Hirbo nitaliondoa, na Minjila pia nitaiondoa. Lakini ndama kumi na wanne na mkia kama muhogo siwezi kuwaondoa, bila hao barua haina kitu, na huyo Hirbo, kwa jinsi ulivyonieleza, si mjinga.

Una leo na kesho. Asiisikie kwangu kwanza.

Bi Mwanasha