Balbu za Nyuma ya Uso wa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Uso wa Mama umetoka kwenye kioo cha mashine ya Baba. Ulitoka Jumanne ya tarehe tisa, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kuanzia nyusi ya kushoto hadi kidevuni. Najua unajua, ulikuwepo. Nimelitanguliza ili tusije tukajifanya tunaandikiana habari za mvua.

Baada ya hilo, nakusalimu. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule wa mwisho jino limeota au bado anatabasamu na dirisha wazi? Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, goti la kulia linamsumbua kama kawaida. Nimekupigia simu mara tisa tangu uondoke na hujapokea hata moja, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa dereva wa basi, yule mwenye sauti ya kukwaruza. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Kaka, nina kinyongo na nitakisema kwa utaratibu. Uliondoka Jumatano alfajiri bila kuniaga. Nimeamka nakuta shuka limekunjwa, kikombe kimeoshwa, mtu hayupo. Mgeni wa kupanga chumba huaga. Wewe ni mtoto wa nyumba hii.

Umeniachia Baba pia. Tangu siku hiyo amegeuza kiti chake pale ukumbini. Zamani alikaa akiitazama mashine yake ya gololi, sasa anakaa akitazama ukuta, na wateja wanacheza nyuma ya kisogo chake. Hapigi kelele, hanuni. Ukimsalimia anaitikia vizuri tu. Ila juzi jirani yetu Betri, yule fundi redio ambaye maneno yake hayaishi chaji, alimwuliza kwa utani kama amegombana na mashine au na gololi. Baba akamjibu kwamba hakugombana na yeyote, ila mkono wa kalamu usipewe tena bisibisi katika nyumba hii. Betri alirudi kwenye redio zake bila kumaliza utani, na unajua hilo si jambo dogo.

Nilijaribu kumshawishi auchore upya. Nilimwekea meza, nikamletea brashi zake za enzi alipochora mabango, nikamwambia mkono ukitetemeka mimi nitamshikia kiwiko. Nikamletea na picha za Mama zote tulizo nazo, kumi na moja. Akazipanga mezani, akazitazama moja moja, akazirudisha. Kwenye zote Mama amefumba mdomo kwa sababu ya lile pengo lake. Kisha Baba akasema, "Siku ile nilimchora akiwa jikoni ananicheka. Sasa nitamchora nani?"

Nawe unakumbuka alivyokuwa pale kwenye kioo. Mama ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake, amekaa ndani ya lori jekundu, kitambaa cha njano kichwani, pengo lote nje. Alipoonyeshwa mara ya kwanza alimwuliza Baba, lori umenipa, mafuta je? Miaka thelathini na moja kile kioo kilidumu. Mama mwenyewe ametutoka miaka saba iliyopita, na kicheko chake kilikuwa kimebaki hapo tu. Sasa lori lipo, mikono ipo kwenye usukani, dereva hana uso. Vipande vilivyodondoka nilivikusanya kwa kibano. Vikubwa kuliko ukucha ni arobaini na vitatu. Nimevitia kwenye bahasha, Baba hataki kuiona.

Sasa nije kwenye balbu, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Utakumbuka nilivyozichagua. Mashine ile inakula balbu sitini na mbili: ishirini na nne huko juu, kwenye sanduku la nyuma ya kioo, na thelathini na nane chini ya bao, pale gololi inapokimbia. Wewe kwa simu ulitaka tuweke za LED zote, hazipati moto na hazifi upesi. Nilizijaribu sita. Mashine ya zamani umeme wake unapepesa na zile taa zikapepesa nao, na weupe wake ukamfanya Mama awe na rangi ya jivu. Baba aliangalia mara moja akasema mkewe hakuwa maiti alipomchora. Nikazitoa.

Nikarudi kwenye balbu za uzi, na hizo zipo za aina mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: kichwa kilekile, kioo kilekile, kitako kilekile, volti sita nukta tatu zote. Tofauti ni kwamba moja inavuta robo ampea na nyingine inavuta sehemu kumi na tano za mia. Ile ya kwanza inang'aa zaidi, na inachoma. Ukizipanga ishirini na nne ndani ya sanduku lililofungwa, za robo ampea zinatoa wati thelathini na nane za joto, zile nyingine ishirini na tatu. Rangi ya zamani juu ya kioo inavumilia ishirini na tatu. Thelathini na nane inaivisha kama utando wa maziwa ya moto, kisha inajikunja na kubanduka. Kwa hiyo niliamua: za joto ziende kwenye bao, kwa kuwa macho ya Baba yamefifia na anataka kuiona gololi yake, za baridi ziende juu, nyuma ya Mama. Hakuna shule iliyonifundisha hayo. Nilijifunza kwa kuunguza, transfoma tatu na nyusi zangu mara moja, wakati wewe unasoma hesabu chuoni.

Nikazitia kwenye maboksi mawili. Moja nikaliandika J, la pili nikaliandika B.

Ukaja likizo, siku zako nne. Jumamosi mimi nikaenda kufunga mashine ya mteja, wewe ukasema unataka kumfurahisha Baba, utabadilisha balbu mwenyewe. Ukaweka za boksi la J huko juu. Jumamosi taa ziliwaka tangu ulipomaliza, Jumapili na Jumatatu tangu saa tatu asubuhi, hadi tunapofunga. Jumanne Betri yuko katikati ya mchezo akaita, njooni, mbona mama yenu anachubuka?

Hapo ndipo nimekuwa nikikulaumu siku kumi na moja mfululizo, kwa sauti na kimoyomoyo. Boksi la J lilikuwa na balbu thelathini na nane. Huko juu kuna matundu ishirini na nne. Lazima ulibakiwa na kumi na nne mkononi, na bao likabaki na matundu kumi na nne matupu. Nimemwambia kila anayeuliza: mtu mwenye shahada ya hesabu hakuona kumi na nne zimezidi hapa na kumi na nne zimepungua kule?

Kaka, uliona. Ndilo nililokaa kuandika, na nimezunguka kurasa mbili kulifikia.

Ulinipigia. Simu yangu bado imeitunza: Jumamosi, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, mazungumzo ya sekunde kumi na tisa. Nilikuwa chali chini ya mashine ya mteja, skrubu mbili ziko mdomoni. Ukaniuliza, "J ni juu, siyo? Mbona J zinabaki kumi na nne na B hazitoshi?" Nikakujibu, "Ndiyo, juu. Zilizobaki jazia tu." Nikakata.

Mimi niliandika J ya joto na B ya baridi, kwa sababu mimi huzinunua kwa joto lake. Wewe ulianza kushikishwa taa na Baba kabla sijazaliwa, na kwa Baba mashine ina sehemu mbili tu, juu na bao. J ni juu, B ni bao. Mtoto yeyote aliyefundishwa na Baba angesoma hivyo. Nami nimefundishwa naye pia. Herufi nane zaidi, joto na baridi kamili, zingeniongezea sekunde ngapi? Lakini hata hiyo J ningejisamehe. Nisichojisamehe ni kumi na nne. Thelathini na nane kutoa ishirini na nne. Mimi ambaye hukumbuka idadi ya skrubu za kila mashine, nilitajiwa hesabu yenyewe sikioni na sikuisikia, kwa kuwa nilitaka kumaliza kazi.

Jumanne Baba alipouliza nani kaziweka, nilijibu, Kaka. Sikusema uongo. Nilisema nusu ya kweli, nikaiacha hiyo nusu ifanye kazi. Ulikuwa umesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Ukanitazama kidogo, kisha ukasema, "Ni mimi, Baba. Nimekosa." Ukaishia hapo.

Usiniandikie kwamba yaliyopita si ndwele. Hii bado ni ndwele, na inakalia kiti cha Baba imeugeukia ukuta.

Ijumaa ijayo nafunga ukumbi saa tisa alasiri kusafisha mashine. Nitamkalisha Baba, nitamweleza J yangu, simu yako na jibu langu, hata kama hujanijibu. Hilo halina mjadala na sikuombi ruhusa.

Nisalimie wifi, mwambie ule mkoba wake aliousahau alipokuja mwaka jana upo salama. Watoto wabusu, waambie shangazi yao anawakumbuka mmoja mmoja. Betri naye anakusalimu, ameniagiza mara mbili.

Ninalotaka kwako ni moja, na nalitaka Alhamisi kabla ya saa sita mchana, kwa simu, kwa mdomo wako, bila kuzunguka kama nilivyozunguka mimi. Pale mlangoni uliikumbuka ile simu ukanisitiri, au uliisahau ukaamini kwamba kosa ni lako? Kama ulinisitiri, nani alikutuma? Na kama ulisahau, basi kwa siku kumi na moja umebeba mzigo wangu ukidhani ni wako, na nitakuja huko mwenyewe kuutua. Nijibu ni lipi.

Mimi mdogo wako,
Fundi